Chama cha Wabebaji

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naiweka shikamoo mbele ya kila kitu, kama unavyopenda, kisha nakuuliza hali. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia siku ya harusi kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa kuanza na mguu wa kushoto, nami nikacheka, maana hata goti hukubali likusumbue kabla hujalipangia utaratibu. Natumaini kikohozi kimekuacha, na kwamba unakunywa dawa mpaka chupa iishe, si mpaka utakapoamua mwenyewe kuwa umepona. Mimi huku ni mzima. Nasema mzima, lakini neno lenyewe ni dogo. Baba, nina furaha mpaka naona aibu mbele za watu.

Najua hujaniandikia tangu nilipoondoka, wala siandiki kukulaumu. Siku ile ya harusi kiti cha pembeni ya Mama kilibaki wazi kutwa nzima. Wageni walikizunguka, hakuna aliyethubutu kukikalia, hata wale waliosimama na miguu ikiwawaka. Hata bila kuja ulishika nafasi yako. Lakini hayo tuyaache yapumzike kwanza. Nitayarudia, na nakuomba unisome mpaka huko. Usiikunje barua hii katikati ukaisukuma chini ya redio, kama unavyozifanyia barua zinazokuudhi. Kasuku wako bado ni mwenye maneno mengi, lakini safari hii maneno yana pa kwenda.

Nianze na mume wangu. Mume wangu, mume wangu. Ona, nimeliandika mara mbili bila sababu, kwa utamu wake tu. Unajua kuwa ni fundi wa vioo, lakini hujamwona akifanya kazi. Hulaza kioo juu ya meza yenye blanketi, akakipitishia kikatio mara moja tu kwa mkono usiotetemeka, kisha akakigonga kwa chini taratibu kwa kifundo cha kidole, na kioo kinaachana chenyewe kama watu wawili walioagana vizuri. Anasema kioo hakilazimishwi, kinashawishiwa. Mimi hujifanya nimeleta chai ili nisimame pale nitazame. Chai inapoa, na yeye anajua kabisa kwamba sikuja kwa ajili ya chai.

Sasa nchi yetu. Nakuona unakunja uso. Uliiita nchi ambayo mtu akipiga chafya amevuka mpaka, na utani huo umefika huku, Baba. Mama aliusema harusini na watu wakaupenda, sasa wanautumia wenyewe. Nchi ni kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani, pamoja na nyumba za waliokuwa wafanyakazi wake, safu mbili za vyumba vya matofali mekundu zinazotazamana. Mbele yetu kuna manispaa moja, nyuma yetu kuna nyingine. Kiwanda kilipofungwa, kila moja ilichora mpaka wake ukaishia nje ya ukuta wetu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kurithi mitaro mibovu. Wakazi wakawa kama mtoto ambaye mama mkubwa anadhani kala kwa mama mdogo, na mama mdogo anadhani kala kwa mama mkubwa, na mtoto mwenyewe ana njaa. Waliandika barua huku, wakaandika kule, kila ofisi ikawaelekeza kwa mwenzake. Mwishowe wakakutana wakasema, kama sisi si wa mtu, basi ni wa kwetu. Wakazibua mitaro wenyewe, wakachagua bunge, wakachonga muhuri, wakashona bendera. Bendera yetu ni ya rangi ya udongo yenye mistari ya buluu, na maana yake si damu ya mashujaa wala maji ya mito. Ndilo jora pekee ghalani ambalo panya hawakulitoboa. Wageni wanapocheka, sisi pia tunacheka, ila tunacheka huku tukifagia.

Bunge linakaa kwenye lililokuwa bwalo la wafanyakazi. Wabunge ni kumi na mmoja, na meza bado zina alama za mabakuli. Nilipofika, watano walikuwa wa Chama cha Utulivu, wanaongozwa na kinyozi ambaye kila mtu anamwita Wembe. Wanne hawana chama. Na wawili, Baba, walikuwa wa chama chetu, na mmoja wa hao wawili ndiye anayelala upande wa ukutani kitandani kwangu. Chama chetu kinaitwa Chama cha Wabebaji.

Pale shuleni tulifundishwa vyama kama tulivyofundishwa mito, majina na urefu. Hakuna aliyetuambia kwamba chama kinaweza kuwa na wazo moja tu, na kwamba wazo hilo likakufuata mpaka jikoni. Wabebaji wanasema hoja ya mpinzani wako ni mzigo wake. Huna ruhusa ya kuupiga teke ukiwa chini. Kwanza uuinue, ujitwike, uubebe kutoka mlangoni kwake mpaka mbele ya watu bila kumwaga, yaani uiseme hoja yake kama yeye mwenyewe angeisema siku ambayo hana hasira wala aibu. Na hakimu si wewe, wala si umati. Hakimu ni mwenye mzigo. Akisema mzigo umefika, ndipo unaruhusiwa kumpinga. Akisema haujafika, unarudi kuuchukua upya, hata kama ni mara ya nne na watu wanataka kwenda kula. Wanaamini serikali mbaya haianzi kwenye wizi wala kwenye bunduki. Inaanza siku mtu mmoja anapopata uwezo wa kumkatalia mwenzake bila kumwelewa. Kukubaliana si lazima, wanasema. Kueleweka ndiyo haki ya raia.

Aliyekianzisha ni mama mkwe wangu, fundi cherehani. Kisa chenyewe kitakuchekesha. Jirani yake alikuwa muuza mkaa, na vumbi la mkaa likawa linatua kwenye nguo za wateja. Wakagombana miaka. Sasa siku ya mkutano wa wakazi, muuza mkaa akaja koo limekauka, sauti hakuna kabisa, ni upepo tu. Mwenyekiti akauliza nani atamsemea. Yule mzee akamnyooshea kidole mama mkwe wangu, kwa ishara kwamba huyu ananijua maneno yangu yote, amenisikiliza akinitukana miaka yote hii. Watu wakacheka. Mama mkwe akasimama amsemee kwa kejeli, akaweka mkono kiunoni kama yeye, akaanza. Anasema alipofika katikati hakusikia tena kejeli kinywani mwake. Alijisikia akisema kwamba mtu anayeuza kitu cheusi huonekana mchafu hata akiwa ameoga, na kwamba angeuweka mkaa upande wa pili kama kuna mtu upande huo angekubali kumpa kivuli. Alipokaa, muuza mkaa alikuwa akijifuta macho kwa mkono mweusi na kujipaka zaidi. Hawakukubaliana siku ile. Lakini waliondoka pamoja, na kesho yake chama kikaanza kikiwa na wanachama wawili waliokuwa bado wanagombana.

Utauliza, kama wazo ni zuri hivyo, mbona chama ni kidogo? Hilo ndilo ninalolionea fahari kuliko yote. Chama chetu hakikui kwa sababu mtu akibeba vizuri, mara nyingine mzigo unamkolea akaondoka nao. Anahamia kwa mpinzani. Kwenye chumba cha cherehani kuna ukuta wenye picha za waliotuacha. Vyama vingine vingewaita wasaliti. Mama mkwe huwafuta vumbi kila asubuhi, na mgeni akiuliza, humwambia hawa ni wahitimu wetu.

Nami nilionjeshwa falsafa hii chumbani kabla ya bungeni. Mume wangu alikuwa akihifadhi vioo vya wateja chumbani kwetu, vimeegemezwa ukutani mkabala na kitanda. Nikamwambia vitoke. Hakukataa wala hakukubali. Alivua viatu, akasimama katikati ya chumba, akasema atanibeba. Kwanza akasema, kwa sauti nyembamba anayodhani ni yangu, kwamba mimi nasema vioo vinajaza nafasi. Nikamwambia haujafika. Akasema naogopa vitaanguka usiku. Haujafika. Akajikuna kichwa, akaenda kukaa upande wangu wa kitanda, akatazama kile ninachokitazama kila nikiamka. Kisha akasema, bila sauti nyembamba sasa, “Mimi nasema chumba chenye bidhaa si chumba, ni ghala. Na kama kila kilichomo kinasubiri mteja, basi na mimi labda nasubiri.” Baba, sikuwa nimeliwaza kwa maneno hayo hata mara moja, na ndilo nililokuwa nikilisema wakati wote. Nikamwambia mzigo umefika. Vioo vililala karakana siku hiyo hiyo. Dada zangu wanahongwa khanga na hereni. Mimi nimehongwa kueleweka, na sibadilishani na mtu.

Lakini siku niliyomwonea fahari mbele za watu ilikuwa siku ya mswada wa lango. Wembe alitaka lango la nchi lifungwe kila jua linapozama mpaka alfajiri. Alisema ni usalama na nidhamu, na kwamba nchi isiyo na kitasa ni uwanja. Sisi tulipinga, na wale wanne wasio na chama walipinga, kwa hiyo mswada ulikuwa ufe kwa kura sita kwa tano. Kazi ilibaki moja tu, kuubeba kwanza. Mume wangu alisimama akaubeba. Alisema habari za wezi, habari za heshima ya taifa. Wembe akamwambia kijana haujafika, na wenzake wakacheka wakijua mume wangu amekwama. Kikao kikaahirishwa.

Kesho yake mume wangu alikwenda kunyolewa. Hakuwa na nywele za kunyoa, nilizipunguza mwenyewe wiki ile ile. Alikaa tu kwenye benchi la wanaosubiri kwa Wembe jioni ile, akasikiliza mkasi. Jua lilipoanza kushuka, mama yake Wembe, bibi wa miaka mingi ambaye kumbukumbu zimemtoroka, alitoka chumba cha nyuma akiwa amevaa viatu vya kazi na kitambaa cha kichwa cha kiwandani, akaenda moja kwa moja kuelekea langoni. Alikuwa akiwahi zamu ya usiku. Kiwanda kimekufa, lakini kwake kengele bado inalia kila jioni. Na asipokikuta kikifanya kazi pale anapokikumbuka, hutoka kwenda kukitafuta nje, barabarani, penye magari. Wembe aliacha mteja na povu shavuni akamkimbilia. Aliporudi naye alimalizia shavu la mteja. Mume wangu alilipa, akaja nyumbani, akakaa muda mrefu bila kugusa chakula.

Bungeni hakuitoa siri ile, Baba, na hapo ndipo nilipojua nimeolewa na mtu wa namna gani. Kubeba si kufungua mzigo wa mtu barabarani. Alisimama akasema, “Mimi nasema kuna mtu ambaye kila jua likishuka, moyo wake unakaa langoni. Mchana ana macho mawili na majirani wote. Jioni ana mikono miwili tu, na mmoja umeshika wembe. Kwenu lango wazi ni uhuru. Kwake ni shimo. Naye ameona haya kuwaomba mshike zamu pamoja naye, ndiyo maana ameomba kitasa.”

Wembe aliinamia meza, akafuata alama ya bakuli kwa kidole. Kisha akasema mzigo umefika, na akaeleza mwenyewe habari za mama yake, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza.

Ndipo ikaja kura. Mume wangu alipinga, maana bado aliamini kwamba raia hafungiwi. Lakini mbunge wetu wa pili, mwalimu wa chekechea, alikuwa amekolewa. Alisimama na macho mekundu akasema yeye anahamia kwa Wembe. Mswada ukapita sita kwa tano, na chama chetu kikabaki na mbunge mmoja. Mimi nilitoka pale nimefura. Nilimwuliza mume wangu njiani, wewe unatembea ukitabasamu nini, umejikata mwenyewe kwa maneno yako mwenyewe. Akanishika mkono akasema tumeshindwa na mtu aliyeeleweka, na hiyo si sawa na kushindwa. Nilitaka kubaki na hasira, Baba, nilijitahidi kweli, lakini jioni ile tulipita langoni. Mswada ulikuwa umeongezewa kifungu kwamba mwenye ufunguo ni raia yeyote, kwa zamu ya wiki, naye akae pale kwenye benchi. Na mtu wa kwanza kukaa alikuwa mwalimu wa chekechea. Bibi alipokuja na viatu vyake vya kazi, mwalimu alisimama akampa mkono akamwambia zamu yako imeisha mama, umefanya kazi nzuri, nenda kapumzike. Bibi akanyooka mgongo kama mtu aliyepandishwa cheo, akageuka akarudi nyumbani mwenyewe. Picha ya mwalimu iko ukutani sasa. Nimeifuta vumbi mimi leo asubuhi.

Sasa nafika pale nilipoahidi kufika.

Baada ya siku ile niliomba kuwa mwanachama. Mama mkwe aliacha cherehani, akaniambia kwamba kuingia si kwa kadi wala kiingilio. Anayetaka kuingia hubeba mzigo mmoja, na hauchagui kwa wepesi. Hubeba wa yule ambaye kukataa kwake kunamuuma kuliko wengine wote. Hakuniuliza ni nani, wala sikumtajia. Alinionya tu. “Mwanangu, hili si zoezi la shule,” aliniambia. “Ukimbeba mtu huyo vizuri, unaweza kuufuata mzigo mpaka kwake na usirudi. Nimeona watu wakiondoka. Nitaweka picha yako ukutani na nitaifuta, lakini mwanangu huyu wa kiume sijui nitamfuta na nini.”

Nilimwambia mume wangu. Wiki hiyo alivunja vioo viwili, yeye ambaye sijawahi kumwona akivunja hata kimoja. Nikamwambia naweza kuomba mzigo mwingine, mwepesi. Akakataa. Alisema usimbebe baba yako nusunusu kwa ajili yangu, sitaki mke aliyebaki kwa kutojua. Basi nimeubeba, Baba. Barua hii ndiyo kichwa changu, na mzigo huu hapa.

Lakini kwanza nikwambie niliupata wapi, maana wewe hukunipa. Wewe ulisema tu kwamba humpi binti yako nchi isiyo na ramani, ukafunga mdomo. Nilidhani ni kiburi. Siku ya harusi Shangazi alinivuta pembeni, akavua viatu, akaniuliza kama najua kwa nini mlango wa chumba chako ni mfupi. Nikamwambia ni ubahili, Baba alikuta mlango uliotumika akajengea fremu yake. Sote tumekua tukiinama kuingia kwako, na kaka amejigonga paji la uso mpaka akawa na alama, na tukadhani umeufanya hivyo ili tuiname. Shangazi akaniambia mlango ule una umri mkubwa kuliko Mama, akanisimulia ulikotoka.

Sasa nasema kwa mdomo wako. Wewe ndiye hakimu.

Mimi nilikuwa mtoto wa mahali ambapo hapakuwa pa mtu. Tulikuwa na mwenyekiti wetu, tulikuwa na kisima chetu tulichochimba wenyewe, na muhuri tulikuwa nao. Watu walitucheka, nasi tulicheka huku tukifagia. Baba yangu alisema sisi ni watu huru kuliko wote. Kisha asubuhi moja yakaja matingatinga. Baba yangu akaenda ofisi ya kwanza, wakafungua vitabu, wakamwambia pale hapapo. Akaenda ya pili, nayo ikasema hapapo. Akawaambia nyumba yangu imebomolewa. Wakamjibu hakuna kilichobomolewa, kwa sababu hapakuwa na kitu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini mtu aliyerudi kutoka ofisi ile hakuwa yule aliyekwenda. Mama yangu hakwenda ofisini. Aling'oa mlango kwenye bawaba, akajitwika, akatembea nao mpaka hapa, kwa sababu alisema bila mlango hakuna atakayeamini kwamba tulikuwa na nyumba. Nimeujengea fremu yake ili kila anayeingia kwangu ainame mbele ya kitu ambacho waliniambia hakikuwepo. Kijana wa vioo sina ugomvi naye. Nimesikia anafanya kazi. Nilikaa nyumbani siku ya harusi kwa sababu sikuweza kuvaa suti, kuketi mstari wa mbele na kutazama mwenyekiti mwingine, na muhuri mwingine, na watu wengine wenye furaha. Furaha yao ndiyo iliyonitisha. Sisi pia tulikuwa na furaha. Na siku ikija, binti yangu atazunguka ofisi mbili, na zote zitamwambia hakuwepo.

Huo ndio, Baba. Ni mzito. Nilipofika katikati ya kuuandika niliuweka chini, nikatoka nje, nikatazama matofali yetu mekundu na bendera yetu iliyonusurika na panya, na kwa mara ya kwanza niliviona kama unavyoviona wewe. Vinaweza kufutika. Una haki. Nilikaa kizingitini na hofu yako ikawa yangu, na nakiri kwamba kwa saa nzima sikujua kama naandika barua au nafunga begi. Mume wangu alikuwa karakana, taa inawaka, na hakuja kuniuliza. Nilisikia tu kwamba hakati kitu.

Kisha niliinuka. Nimeubeba, nimeuelewa, na sasa ndipo nina ruhusa ya kukupinga: nabaki. Nabaki kwa sababu babu alizunguka ofisi zile peke yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyesimama akasema maneno yake kama yake. Mimi nimeolewa mahali ambapo hata adui yangu analazimika kunisema vizuri kabla hajanikataa. Lakini siondoki mikono mitupu kutoka kwako. Nimemwambia mama mkwe kwamba nikishaingia chamani nitapeleka hoja bungeni, tuziombe manispaa zote mbili zituchore. Si kututawala. Kutuchora tu, kila moja kwenye ramani yake, ili siku yoyote ofisi yoyote ikifungua kitabu ikute tupo. Mama mkwe alicheka mpaka akajichoma sindano. Alisema hajaona mtu anayeanza kutoka chamani kabla hajaingia. Wembe ameahidi kura zake zote sita. Anasema anaujua mzigo huo kwa sauti yake hata bila kuambiwa ni wa nani.

Tangu nikiwa mdogo unaniita Kasuku, kwa kuwa nilikuiga ukikohoa, nikakuiga ukikemea, na ukanichapa kwa moja ya hizo, nimesahau ipi. Leo nimekuiga kwa mara nyingine. Niambie kama nimekosea.

Sharti ni kwamba mwenye mzigo aseme mwenyewe. Unaweza kuandika, lakini ningependa uje. Wiki ijayo zamu ya ufunguo ni yangu. Ukichelewa na jua likazama, usiwe na wasiwasi wala usigeuke, gonga tu. Nitakuwa kwenye benchi. Kama haujafika, uniambie pale pale langoni, nitarudi kuuchukua upya, mara nne, mara kumi, nina maisha yote. Kama umefika, useme neno hilo moja, na hata usipokubaliana nami nitakufungulia nikupeleke ukaone chumba changu. Hakina vioo ukutani. Mlango wake ni mrefu wa kawaida, lakini mume wangu aliposoma sehemu ile ya Bibi na mlango aliojitwika, alikwenda akaupima, akarudi akaniuliza kama nadhani utakubali tuushushe uwe mfupi kama wako.

Mpe Mama salamu zote, umwambie suti yako aitoe nje ipate upepo. Shangazi umsalimie, na usimgombeze kwa kusema, alikuwa amekaa na mzigo ule muda mrefu sana. Kaka umwambie ainame. Mume wangu anakusalimu kwa heshima zote; alitaka kuandika mstari wake hapa chini, nikamwambia asubiri akuone.

Ni mimi binti yako, mke wa fundi vioo,
Kasuku